Kulala Hanamu: Tarehe ya Machela

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, tangu zama za mababu, wamekipima kitanda kwa ukakamavu wa kamba zake. Fundi aliyewamba kitanda juu ya mifumbati na vitakizo alisifiwa kwa jinsi alivyozivuta kamba za miyaa au za makumbi mpaka zisivutike tena, na kitanda kilichokwisha kulegea, kikambonyeza mlalaji katikati, hakikuachwa hivyo: kile cha teremka tukaze mwenyewe hushuka, kamba zikavutwa upya, kisha akapanda akalala. Basi si ajabu ikiwa mtu aliyelelewa katika dhana hiyo, akipewa machela, yaani kile kitanda cha nguo au cha wavu kining'inizwacho baina ya miti miwili, jambo la kwanza alitendalo ni kuikaza kwa nguvu zake zote. Wala si ajabu ikiwa ataamka alfajiri hali mgongo unamuuma, mabega yamebanwa, magoti yamenyooshwa kupita kiasi, akahukumu kwamba kitu hiki hakikukusudiwa kulaliwa na binadamu. Hukumu hiyo wameitoa wengi kabla yake. Machela ilienea duniani kwa haraka sana, lakini kilichoenea kilikuwa nguo na kamba. Ilmu ya kuilegeza na kuilalia ilibaki nyuma, kwa wenyewe walioibuni, ikachukua karne nyingi kufika kwa wengine.

Wenyewe hao ni wenyeji wa sehemu za joto za bara la Amerika na visiwa vyake. Tarehe 17 Oktoba 1492, siku tano tu baada ya kutia nanga mara ya kwanza katika visiwa ambavyo leo huitwa Bahamas, Christopher Columbus aliandika katika daftari la safari yake kwamba ndani ya nyumba za watu wa huko, ambazo alizisifu kwa kufagiwa na kuwa safi, vitanda vyao vilikuwa mfano wa nyavu za pamba. Watu hao walikuwa wa taifa la Taíno. Muda wa miaka hamsini haukupita ila wengi wao walikuwa wamekwisha kuangamizwa na maradhi yaliyoletwa na wageni, na kazi za shokoa migodini na mashambani, na upanga. Walakini kitanda chao kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari. Gonzalo Fernández de Oviedo, mwandishi Mhispania aliyeishi miaka mingi katika nchi hizo, alipoipiga chapa sehemu ya kwanza ya historia yake kubwa mwaka 1535, aliieleza machela kwa tuo na kuitilia picha ili wasomaji wa Ulaya waone kwa macho jambo ambalo kwa maelezo matupu lilikuwa gumu kusadikika.

Upande wa kusini, Wareno walikutana na kitu kilekile. Pero Vaz de Caminha, karani wa msafara wa nahodha wao Cabral, katika barua aliyomwandikia mfalme wake tarehe 1 Mei 1500 kutoka pwani ya Brazili, alieleza nyumba ndefu zenye nguzo nyingi, na baina ya nguzo na nguzo wavu uliofungwa ncha zake juu, ambamo watu hulala, na chini ya nyavu hizo wenyeji huwasha moto wa kuwatia joto. Mjerumani Hans Staden, aliyetekwa na Watupinambá na kuishi mikononi mwao kwa miezi mingi akingoja kuliwa, naye alipochapisha kisa chake mwaka 1557 aliutaja moto huo unaowaka usiku kucha karibu na vitanda vya pamba. Naomba msomaji aushike moto huu, kwa maana ndani yake mna nusu ya maarifa ya machela. Mtu alalaye juu ya mkeka huwa ardhi imemkinga upande wa chini, japo kwa ubaridi wake; mtu alalaye juu ya hewa hana kinga yoyote, na upepo upitao chini ya mgongo wake humnyang'anya joto hata katika nchi ambamo mchana jua linachoma. Wale waliofanya machela kitanda chao cha daima walilitambua hilo zamani, wakalitafutia dawa, na moshi wa dawa hiyo ukawafukuzia mbu fauka ya hayo.

Faida za kulala juu ya hewa katika nchi za misitu na mafuriko hazihitaji hoja nyingi: unyevu wa ardhi haukufikii, siafu na nge na nyoka hawakupati kwa urahisi, na asubuhi kitanda chote hukunjwa kikawekwa begani. Lililo gumu kulieleza, na ambalo wageni wengi walilitazama bila ya kuliona, ni namna ya kulala kwenyewe. Katika nchi ambamo machela ingali kitanda cha kila usiku, kama vile rasi ya Yucatán huko Meksiko, majimbo ya kaskazini-mashariki ya Brazili, jangwa la La Guajira kwa Wawayuu, na kingo za mto Orinoco ambako Wawarao huifuma kwa nyuzi za mnazi-mwitu wa huko uitwao moriche, mtu hailali machela yake kwa urefu, kichwa kamba ya huku na miguu kamba ya kule. Huilala hanamu. Huketi kwanza katikati, akajitupa kwa mgongo, kisha akaipeleka miguu upande mmoja na kichwa upande wa pili, na wengine hukaribia kuikingama kabisa. Na machela yenyewe ameitundika ikiwa imelegea vizuri, tumbo lake limeshuka chini. Hapo ndipo muujiza hutokea: ile nguo ambayo kwa urefu wake ni upinde mkubwa, kwa hanamu hutandazika, kingo zake zikapanuka, na mgongo ukapata mahali palipo karibu na usawa wa kitanda cha mbao. Machela iliyokazwa hainyooki kamwe, hata uikaze vipi, kwa sababu uzito wa mtu hauachi kuivuta chini. Inalopata kwa kukazwa ni kufumba kingo zake na kumbana mlalaji mabega, na njia ya hanamu ikamzibikia. Kwa hiyo apendaye mgongo ulionyooka sharti aikubali kamba iliyopinda, na hili ndilo jambo ambalo akili ya mtu wa kitanda cha kuwambwa hulikataa kabisa mpaka mwili wake umthibitishie.

Wafaransa waliipata machela mapema. Montaigne, ambaye nyumbani kwake alikuwa na mifano ya vitanda vya watu wa Brazili, aliandika katika insha zake za mwaka 1580 kwamba vitanda hivyo vya pamba hutundikwa kwenye paa mfano wa vile vya marikebu za kwao, na kila mtu ana chake. Waingereza walifuata kwa amri rasmi mwaka 1597, pale ilipoidhinishwa mitumba 300 ya turubali kwa ajili ya vitanda vya kuning'iniza vya mabaharia, na sababu iliyotolewa ilikuwa hifadhi ya afya zao. Kabla ya hapo baharia alilala alipopata, juu ya sitaha yenye majimaji, juu ya sanduku, au ubavuni mwa mzinga. Machela ilimwinua kutoka kwenye maji na panya, na jambo kubwa kuliko yote, ilimtenga na mrama: marikebu ikilala upande huu na upande huu, machela hubaki timazi, na aliyemo hulala usingizi ilhali mbao za chombo zinazunguka pembeni mwake.

Lakini tazama jinsi walivyoitundika. Nafasi aliyopewa baharia wa manowari ya Uingereza ilikuwa inchi 14 za boriti, zisizofika upana wa mabega yake, na kilichomponya ni kwamba zamu moja ikiwa usingizini zamu ya pili huwa kazini juu, hivyo nafasi ikawa kama inchi 28. Katika msongamano wa watu mia kadhaa chini ya dari ambamo mtu mrefu hakuweza kusimama wima, machela iliyolegea ingemgusa jirani kwa kila wimbi na ingemzuia apitaye chini yake. Basi turubali lilikatwa jembamba, kiasi cha futi 6 kwa 3, likafungwa ncha zake kwa kamba ndogo nyingi zilizokutana katika pete moja, likavutwa likawa karibu na kunyooka, na ndani yake likatiwa godoro dogo. Wengi waliweka kijiti mchagoni baina ya zile kamba ili nguo isiwafumbe uso. Kulala hanamu ndani ya kitu kama hicho hakukuwezekana hata kwa mwenye kuijua siri. Mtu alilala kwa urefu, amekunjika kama ndizi, bega kwa bega na wenzake. Herman Melville, aliyetumikia katika manowari ya Marekani mwaka 1843 na 1844, alilalamika katika kitabu chake White-Jacket cha mwaka 1850 juu ya inchi 18 alizopewa, naye alikuwa tajiri kwa kulinganishwa na Mwingereza.

Si haki, walakini, kuwacheka maofisa hao. Wao hawakuitaka machela kwa raha. Waliitaka kwa wepesi wake, na katika hilo walikuwa mabingwa. Kila asubuhi kipenga cha serahangi kilipolia, machela zote ziliteremshwa, zikaviringwa pamoja na magodoro yake, zikafungwa mizunguko saba ya kamba, zikachukuliwa juu na kupangwa ndani ya nyavu kando ya kuta za sitaha, ambako siku ya vita zilikuwa boma la kuzuia risasi za bunduki, na sitaha ya chini ikabaki wazi kwa mizinga. Baharia akifa, hiyohiyo machela yake ikawa sanda, akashonewa ndani yake pamoja na risasi za mzinga za kumzamisha. Kitanda kimoja kikawa malazi, ngome na kaburi. Mtu angetaraji nini zaidi kutoka katika turubali? Desturi hiyo ilidumu karne tatu unusu, na ilifika hata katika bandari ya Unguja, ambako tangu 1874 kwa muda wa karibu miaka kumi marikebu kongwe London iliwekwa iwe kituo cha mabaharia wa Kiingereza waliotumwa kuyafukuza majahazi yaliyochukua watumwa. Manowari zilianza kutiwa vitanda vya kudumu kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Katika bara letu machela ilikuja kwa njia nyingine, nayo haikuwa ya kulalia bali ya kuchukuliwa. Wareno wa Msumbiji na bonde la Zambezi waliitundika chini ya mti mrefu, ikabebwa mabegani na wapagazi waliopokezana, na maofisa na wamishenari wa Kiingereza wa Nyasa wakaiga. David Livingstone katika siku zake za mwisho, Aprili 1873, alipokuwa hawezi tena kutembea wala kupanda punda, alichukuliwa na watumishi wake akina Susi na Chuma katika kitanda cha namna hiyo kupitia mabwawa ya Bangweulu. Juu ya raha ya kitanda hicho halisemeki jambo moja: mgonjwa aliyetikiswa kwa kila hatua alikuwa na neno lake, na wanaume waliopitisha mti ule katika maji ya kiunoni walikuwa na lao, nalo halikuandikwa.

Ulaya nzima ikiichukulia machela kuwa kifaa cha chomboni, nchi zake za asili ziliendelea nayo kama kawaida, na wageni wachache walioishi miongoni mwa wenyeji wakafundishika. Alexander von Humboldt, katika safari yake ya Orinoco mwaka 1800, alipofika mahali pasipo na miti alichomeka makasia ardhini akatundika machela hapo, na moto ukawashwa pembeni kwa ajili ya chui wa huko. Katika kaskazini-mashariki ya Brazili machela iliingia katika kila jambo la maisha: mtoto alizaliwa na kubembelezwa ndani yake, mwenye shamba alibebwa ndani yake na watumwa, na maskini alipelekwa makaburini ndani yake kwa kukosa jeneza. Luís da Câmara Cascudo, mwanazuoni wa mila za Brazili, aliitungia kitabu kizima mwaka 1959, na ni jambo la kustaajabisha kwamba kitu kilicholaliwa na mamilioni ya watu kilingoja mpaka hapo kupata mwanazuoni wake. Huko Yucatán nyumba za mawe na saruji bado hujengwa zikiwa na kulabu kutani, na mjini Tixkokob familia nyingi huishi kwa kufuma machela pana za nyuzi laini, nyingine zikiwatosha mume na mke, nyingine mume na mke na watoto. Upana huo si anasa. Ndio unaowezesha ule ulalo wa hanamu.

Jeshi la Marekani liliirudia machela wakati wa vita vya Pasifiki, likatengeneza ile ya mwaka 1942 yenye paa la kitambaa kilichotiwa mpira na chandarua kilichoshonwa pande zote na kufungwa kwa zipu. Ilimkinga askari na mvua na malaria, lakini ilimfunga ndani mfano wa mfuko, na raha ya mgongo haikuwa miongoni mwa mambo yaliyotafutwa. Baada ya vita wapiga kambi wa Marekani ya Kaskazini walioijaribu machela misituni kwao walirithi mazoea ya manowari na ya jeshi, wakaikaza, wakalala kwa urefu, wakarudi kwenye mahema.

Mageuzi yalikuja mwishoni mwa karne ya ishirini. Tom Hennessy wa Kanada alikata machela yake kwa mshazari, kona moja ikapanuliwa kwa kichwa na kona ya mkabala kwa miguu, hata mlalaji alazimike kulala hanamu apende asipende. Ed Speer wa Marekani alitoa kitabu kamili juu ya kupiga kambi kwa machela mwaka 2003, na Derek Hansen mwaka 2011 akatoa kingine chenye michoro, na kwa vitabu hivyo na mazungumzo ya maelfu ya wapiga kambi, maarifa ambayo mtoto wa Yucatán huyapata bila kufundishwa yakawekewa vipimo vya hesabu.

Vipimo hivyo vyafaa kutajwa, kwa kuwa vinaonyesha jinsi hesabu inavyoafikiana na mazoea. Kamba ya machela, mtu akiwa ndani, yatakiwa iteremke kutoka mtini kwa pembe ya digrii 30 hivi chini ya usawa. Kwa pembe hiyo mtu wa kilo 80 huivuta kila kamba kwa nguvu ya kilo 80. Akiikaza mpaka pembe ikawa digrii 10, kila kamba itavutwa kwa nguvu ya kilo 230. Na kwa digrii 5 itakaribia kilo 460, nguvu za kung'oa kulabu ukutani na za kuzifanya kamba nyembamba zilizozungushiwa mti ziuchubue gome lake. Ndiyo maana siku hizi mti hufungwa kwa mkanda mpana usiopungua sentimita mbili unusu, na ndiyo maana mwenye kukaza sana huanguka mara nyingi kuliko mwenye kulegeza. Kitako cha machela, mtu akiketi, kiwe kimo cha kiti cha kawaida, kiasi cha sentimita 45 kutoka chini.

Tatizo la msafiri ni kwamba miti ya leo si ya jana: leo imekaribiana, kesho imeachana, na kila usiku pembe hubadilika. Dawa iliyobuniwa ni ugwe mwembamba usiovutika unaounganisha ncha mbili za machela kwa juu, wenye urefu wa asilimia 83 hivi ya urefu wa nguo yenyewe. Machela ya mita 3.3 ikitiwa ugwe wa mita 2.74, tumbo lake litakuwa lilelile popote itundikwapo, hata mtu akikosea kidogo katika kuzivuta kamba za mtini. Namwona aliyebuni ugwe huu kuwa mtu wa akili kubwa, kwa sababu hakuibadilisha machela hata kidogo. Aliihifadhi tu katika hali yake njema. Jambo jingine ni kuinua upande wa miguu upite upande wa mchagoni kwa shubiri moja au pungufu yake. Kiwiliwili ni kizito kuliko miguu, na ncha zote mbili zikiwa sawa mwili huteleza polepole kuelekea miguuni mpaka uzito ukae katikati, na mlalaji huamka visigino vimefika penye mikunjo ya nguo. Atakayeona magoti yamekazwa na atie nguo iliyokunjwa chini yake, au azidishe hanamu kidogo.

Na baridi je? Wapiga kambi wa kwanza waliingia na mifuko yao ya kulalia ya manyoya ya bata, wakatetemeka usiku kucha katika hali ya hewa ambayo ndani ya hema wasingehisi kitu, kwa sababu manyoya yaliyolaliwa hubanwa, na yaliyobanwa hayana hewa, na pasipo hewa iliyotulia hakuna joto. Wakajaribu mikeka ya mpira ndani ya machela, ikateleza. Mwisho wakashona blanketi la manyoya linaloning'inia kwa nje, chini ya nguo, lisiloguswa na uzito wa mtu hata kidogo, na hapo ndipo joto lilipokaa pale pale ambapo Caminha aliuona moto wa Wabrazili. Blanketi hilo lina ila moja ambayo moto haukuwa nayo: halifukuzi mbu, na kwa hiyo chandarua hakina budi.

Kwa mambo yote haya, mwenye kulala chali atastarehe, na mwenye kulala ubavu atastarehe pia baada ya siku chache, kwa kuwa hanamu humruhusu kukunja magoti. Wale walalao kifudifudi ndio ambao hawajapatiwa dawa, si na Yucatán, si na hesabu; mgongo wa binadamu hukunjika upande mmoja tu kwa raha, na machela, hata iliyotundikwa kwa ustadi wote, ina shimo lake katikati. Hao watandikiwe mkeka.